Tanuu la Chokaa Waliloliita Vita

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Si sururu, si sepetu; ufagio, kama mtumishi wa ndani. Nilikuwa kijana wa Unguja, nimepita Mombasa, nimepita Misri, nimefika Libya na nguo mbili mkobani, nikasikia Wazungu wanatafuta watu wa kuchimbua mji wa kale wa Warumi ulioachwa pwani. Nikasema kuchimba ni nguvu, na nguvu nnazo. Rais, ndivyo anavyoitwa msimamizi wa wachimbaji katika nchi zile, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaniambia, "Fagia mpaka jiwe lijitaje lenyewe."

Nilifagia barabara moja siku arubaini. Warumi walizitandika barabara zao kwa mawe mapana, na magurudumu ya magari yao yalikuwa yamechimba mifereji miwili ndani ya mawe yale, kina cha vidole vinne. Nilipoifikia mifereji nikapiga magoti nikatia mkono. Jiwe limelika, laini kama kizingiti cha msikiti. Hapo ndipo nilipojua kwamba mle walikaa watu, watu waliochelewa sokoni na kutukanana na punda wao. Hakuna kitabu kilichonambia. Ulinambia mkono.

Nnaandika haya na hasira yangu yote, na mtu asinambie nitulie. Nimeshatulia miaka mingi sana, na kutulia kule ndiko kulikonifikisha hapa. Nnawaandikia nyinyi vijana wetu wa Maskati mnaosema Kiswahili nyumbani na kusomea mambo ya kale katika vyuo vikuu, mnaonijia nyumbani Al Khuwair na simu zenu za kunirikodi. "Babu, tuhadithie zamani." Haya, zamani ndiyo hii. Someni mpaka mwisho, msikimbilie picha.

Mie skuli nilisoma miaka miwili. Chuoni nilihitimu msahafu, kwa hivyo herufi za Kiarabu nilizijua, na Kiswahili changu nilikiandika kwa herufi hizo hizo, kama alivyoandika baba yangu. Herufi za Kizungu zilikuwa kwangu kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Liwekeni hilo akilini.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Hilo nalo liwekeni akilini, maana kesi yangu yote imesimama juu yake. Mchoma chokaa anachukua mawe ya matumbawe anayavunja kwa nyundo yawe kiasi kimoja, kama dafu. Kwa nini kiasi kimoja? Kwa sababu jiwe kubwa litabaki bichi ndani, na dogo litaungua bure. Anapanga magogo yake kwa duara, anapanga mawe juu, anatia moto, na moto ule anaulinda kama mtu anayemlinda mgonjwa. Jiwe likiiva linakuwa jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji linachemka, linapasuka, linakuwa unga. Unga huo ndio uliozisimamisha nyumba zote za Mji Mkongwe. Hilo ndilo tanuu la chokaa. Na kila tanuu lina mawe yake yaliyokataa: nje chokaa, ndani kiini cha jiwe zima. Baba akiyaita mabishi. Utoto wangu wote niliumaliza kuchagua mabishi kwa vidole vilivyobabuka.

Basi kazi ya kuchimbua mji. Mnafikiri ni kuchimba kisima? Hatuchimbi kwenda chini kama panya. Tunafunga kamba, tunakata shimo la mraba, na baina ya shimo na shimo tunaacha ukuta wa udongo, hatuugusi. Ukuta ule ndio shahidi. Ukiupiga maji kidogo na kuukwangua kwa mwiko, mwiko huu huu wa waashi, matabaka yanajitokeza moja juu ya jengine: mchanga, kifusi, majivu, sakafu. La juu ni la mwisho, la chini ni la mwanzo. Kila kilichotoka katika tabaka kinawekwa karai lake, na udongo unapita kwenye chekeche hata kama ndani yake pana ushanga mmoja tu. Mtu akichanganya makarai nilikuwa nnamtoa kazini siku ile ile. Kuchanganya makarai ni kusema uwongo kwa mikono.

Mji wenyewe ulikuwa bandari. Ulipeleka Rumi mafuta ya zeituni, katika mitungi mirefu yenye ncha chini, vigae vyake tulivikanyaga kama kokoto. Ulikuwa na uwanja, soko, na hamamu kubwa ambayo sakafu yake ilisimama juu ya viguzo vifupi ili moto upite chini na kuwapasha joto waogaji. Marumaru yote ilitoka ng'ambo kwa meli, na masanamu pia. Kisha nguvu za Rumi zikapungua, bandari ikajaa mchanga, na matajiri wakaondoka na masanduku yao.

Maskini hawakuondoka. Hili hamlikuti katika mabango ya watalii. Walijenga vyumba ndani ya kumbi za matajiri, wakafuga mbuzi hamamuni. Tabaka la samadi ya mbuzi nimelichimba mimi. Mji haukufa siku moja. Ulipungua kidogo kidogo, kama mtu mzima anavyopungua, na kila mmoja akaendelea na kazi yake mpaka kazi zikaisha.

Rais yule wa kwanza macho yalipomchoka, Profesa aliyeongoza uchimbaji akanipa mimi urais. Watu thelathini chini yangu, wote wenyeji wa pale pale. Nilikuwa na umri mdogo kuliko wengi wao, na wakanitii, kwa sababu nikishika udongo nilikuwa nnajua. Baadhi ya wasomi walikuja kuniuliza mimi kabla ya kumuuliza Profesa. Nnajisifu? Nnajisifu. Nani mwengine atanisifu?

Lakini palikuwa na ada moja, na ada hiyo ndiyo iliyoniponza. Kila siku alasiri, kazi ikisimama, mwanafunzi mmoja wa Profesa aliandika daftari la siku: tumechimba wapi, tumekuta nini, ni tabaka gani. Tulimwita Mwandishi. Kijana mrefu, pua imebabuka jua, Kiarabu chake cha vitabuni na changu cha mtaani, tukielewana. Akimaliza kuandika, kwa Kiingereza, ananiletea ukurasa nitie saini. Profesa alitaka hivyo, rais awe shahidi, ili asije mtu kusema yameandikwa ofisini.

Na mie sikuwa nikijua kuusoma.

Je, nisingeweza kusema? Ningemwambia tu Mwandishi, "Nisomee," yangekwisha. Sikusema. Rais wa watu thelathini, nimwambie kijana wa pua nyekundu anisomee? Nilikuwa nnauchukua ukurasa, nnaukunjia uso, macho nnayapeleka kushoto kulia kama mtu anayesoma, nnatikisa kichwa, nnatia jina langu kwa herufi za Kiarabu. Siku moja nikazidisha. Nikaweka kidole mahali popote nikamwambia, "Hapa parekebishe." Akapatazama, akasema, "Kweli, Rais, samahani," akafuta akaandika upya. Wallahi mpaka leo sijui alirekebisha nini.

Mkicheka, chekeni sasa. Mbele hapana kicheko.

Tulikuwa tunachimba ukumbi wa hamamu, shimo la saba. Chini ya samadi ya mbuzi tukakuta weupe na weusi: majivu, mkaa, madonge meupe, na vipande vya marumaru. Nilishuka mwenyewe. Kabla sijaushika mwiko, pua yangu ilishaniambia nipo wapi. Nipo kwa baba.

Nikavunja donge moja. Chokaa ya kale haichemki tena ukiitia maji, imeshakufa, lakini ukiigusa kwa ulimi inaushika. Nikakuta mkono wa sanamu: vidole vimegeuka chokaa, ukivisugua vinamomonyoka, kifundo bado marumaru, kinameta kama chumvi ya mawe. Bishi! Bishi kama yale ya Unguja, ila hili lilikuwa na kucha. Na vipande vyengine, magoti, mabega, mikunjo ya nguo, vyote vimevunjwa kwa nyundo kiasi kimoja. Kama dafu. Nilikaa chini katika majivu yale, nikahisi machozi, na sioni haya kusema. Mtu wa kazi ya baba yangu alikaa pale pale, kabla ya baba wa baba zetu, akamgawa mungu wa Kirumi vipande vya kutosha tanuu.

Profesa akaja. Mzee mwembamba, kofia ya majani, hajapata kumwambia asante mtu aliyesimama chini yake shimoni. Akatazama mkaa, uso ukang'aa.

"Rais, tumeipata," akasema. "Siku waliyoingia."

"Nani walioingia, Profesa?"

"Wavamizi. Watu wa jangwani. Wametia moto, paa limeanguka, mji umekwisha. Unaona mkaa huo?"

"Paa halianguki likajipanga," nikamwambia. "Tazama magogo haya, yamelala kama njiti za gurudumu, ncha zote zinaelekea kati. Tazama mawe, kiasi kimoja. Hili ni tanuu. Mtu amevunja masanamu akachoma chokaa."

"Chokaa ya nini?"

"Ya kupigia lipu nyumba yake! Mvua ikinyesha huku watu hawaloi?"

Wachimbaji wakacheka. Profesa hakucheka. Nikaunyanyua ule mkono. "Moto wa nyumba unaibabua marumaru, hauili mpaka ndani. Hii imepikwa, Profesa. Siku kadhaa, na mtu anautilia kuni. Jeshi gani linaloingia mjini kupika mawe? Nipe ruhusa niukate ukuta huu wa udongo, duara lote litaonekana. Sasa tunaona robo tu."

Ukuta hakunipa. Wageni wakubwa wa kwao walikuwa waje kutazama kazi, na alitaka sakafu ya hamamu iwe imetoka, imeoshwa, inang'aa. Akapangusa vumbi mikononi akanambia maneno ambayo nnayasikia mpaka leo nikinawa uso asubuhi:

"Rais, wewe mchimbaji hodari. Kusoma niachie mimi."

Watu wangu walisikia. Wao ndio waliokuwa watu wa jangwani. Hao wavamizi ni babu zao. Waliinama wakaendelea kubeba makarai. Mwandishi naye alikuwa pale, amesimama na daftari lake, na ule mkono wa sanamu aliutazama sana, akaugeuza, akaukwangua kwa ukucha. Kisha akauweka karaini.

Tukaliondoa tabaka lile kwa siku mbili. Mie ndiye niliyelisimamia. Tanuu la mtu, robo yake, nimelibeba mwenyewe nikalimwaga kwenye kifusi. Alasiri ya siku ya pili Mwandishi akaniletea ukurasa. Mrefu kuliko siku zote. Nikajua ndio wenyewe. Nikautazama, nyayo za kuku tupu, na nikajiambia: huyu kijana alikuwepo, amesikia, ataandika pande zote mbili. Nikatikisa kichwa. Nikatia saini.

Nilikuwa na daftari langu mwenyewe, dogo, la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Humo nikaandika: *Shimo la saba. Tanuu la chokaa. Mawe kiasi cha dafu. Mabishi mengi, mchomaji alipungukiwa na kuni.* Nikalifunga nikalitia mkobani. Nikaona nimemaliza wajibu. Mjinga.

Mlango wa Oman ulipofunguka kwetu sisi Waarabu tuliozaliwa Unguja, nikaja Maskati. Nikaajiriwa na idara iliyokuwa ikitengeneza ngome na minara ya kale, maana sikio la mtu likisikia "chokaa" nilikuwa nnatajwa mimi. Mkubwa wangu alikuwa Mudir, mtu wa Matrah, mfupi, bakora mkononi, Kiswahili hajui hata neno, na akinikuta nnasema na wenzangu Kiswahili anasema, "Mnanisengenya tena." Siku ya kwanza aliniuliza, "Ya Masoud, unajua kusoma?"

Nikamjibu, "Nnajua kusoma udongo."

"Sikukuuliza udongo."

Jibu lile nililitumia miaka mingi, watu wakalipenda, wakacheka. Mudir peke yake hakucheka.

Huku nilijifunza sarooj, udongo wa kuchoma kwa magogo ya mtende unaoshika maji kuliko chokaa tupu, na nikawafunza vijana kupiga lipu kwa mkono, tabaka jembamba, lisubiriwe likauke, juu yake jengine. Kazi nzuri. Mkipita kwenye minara fulani ya nchi hii mnapiga picha zenu, lipu ile ni mikono yangu.

Mnara mmoja sio. Ulikuwa upande wa Qurayyat, juu ya mitende, mzee, umeinama kidogo. Mkandarasi aliniletea ofisini karatasi za Kiingereza nitie saini kama fundi mkuu, kisha nikaondoka kwenda kazi nyengine bara. Nilikunja uso, nikatikisa kichwa, nikatia saini. Ada haikuwa imeniacha. Niliporudi baada ya wiki tatu mnara umekuwa wa kijivu. Simenti! Mnara wa udongo na chokaa umevishwa simenti kama maiti aliyevishwa koti la mvua. Simenti haipumui. Maji yakajikusanya ndani, na mvua ya kwanza ilipokuja lipu ikabanduka vipande vipana kama milango, ikatoka na ngozi ya mnara.

Mudir alisimama chini yake na mie. Akaitoa karatasi. "Imeandikwa hapa simenti. Na hapa saini ya nani?"

"Yangu."

"Uliisoma?"

Bakora yake akaiweka chini, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

"Masoud, mie mtu akiniambia hajui, nnamfunza. Mtu akijifanya anajua, ananibomolea minara. Kuanzia leo hutii saini kitu mpaka unisomee kwa sauti. Mbele yangu. Hata karatasi ya kuombea ndoo."

Nilimchukia mwaka mzima. Na mwaka huo huo, kwa hasira, nikajifunza herufi za Kizungu katika kitabu cha skuli cha binti yangu, mwanamme mzima mwenye ndevu nnasoma habari za paka na mpira. Baadaye nikasoma magazeti, baadaye barua za wakandarasi, na niliwarudishia nyingi. Mudir alipostaafu nilimpelekea halua nyumbani. Akanambia, "Umekuja kunisengenya kwa Kiarabu sasa." Mungu amrehemu.

Watoto wangu na wajukuu niliwaambia Kiingereza nilikijua tangu ujana, Libya, nikifanya kazi na maprofesa. Hakuna aliyejua kwamba nilijifunza kwa kitabu cha paka ila mke wangu, na yeye alikuwa mtu wa siri.

Nikastaafu na mie. Wakanipa ngao ya kioo na picha ya kundi ambayo uso wangu umekatwa nusu. Nikakaa Al Khuwair na goti langu bovu. Mpaka mwaka jana mjukuu wangu Zuwena, anayefanya kazi katika ofisi moja Khuwair ya Kusini, akanijia amefurahi.

"Babu, mji wako wa Warumi! Kuna Profesa anakuja kutoa mhadhara ukumbini karibu na kwetu. Amechimba huko zamani."

Akanionyesha picha kwenye simu. Nywele zimekwisha, lakini pua ile ile. Mwandishi.

Nilifurahi, nakwambieni ukweli. Nilivaa dishdasha mpya, nikajifukiza ubani, nikafunga kilemba changu kizuri, na lile daftari langu dogo nikalitia mfukoni ili nimwonyeshe, tucheke, tukumbuke. Zuwena akaniweka mstari wa pili. Alizungumza vizuri, yule bwana. Barabara, soko, mitungi. Kisha akafika hamamuni. Akasema mji uliangamia siku moja, kwa moto, kwa mikono ya makabila ya jangwani, na akasema kuna watu siku hizi wanaitia shaka kauli hiyo, lakini yeye alikuwepo, na ushahidi upo. Ukurasa ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa msikiti.

Ukurasa wa shimo la saba. Na sasa najua kusoma.

Niliusoma wote. Tabaka la maangamizi. Paa lililoungua. Masanamu yaliyovunjwa na wavamizi. Neno tanuu halimo. Neno chokaa halimo. Chini kabisa, mstari mmoja: *Rais ameona na kukubali.* Na jina langu, kwa mkono wangu.

"Hata rais wetu," akasema Mwandishi, ambaye sasa ndiye Profesa, "mtu aliyeijua ardhi kuliko sote, alithibitisha."

Nikasimama. Goti halikuniuma.

"Rais hakuthibitisha!" nikasema kwa Kiarabu, na ukumbi wote ukageuka. Zuwena akanivuta dishdasha. "Babu, keti. Babu, tafadhali."

Profesa akakinga macho kwa mkono kuizuia taa. "Rais Masoud? Bado uko hai?"

Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke wamalize.

"Niko hai, na lile lilikuwa tanuu la chokaa. Nilimwambia mkubwa wako, wewe ukisikia. Mkono ule uliukwangua kwa ukucha."

Akasema polepole, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma, "Lakini, Rais, ulitia saini."

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema mlinidanganya, mmeghushi, na watu wa ukumbi ule wangeniamini, Mwarabu mzee mbele ya Mzungu. Zuwena alikuwa amenishika nguo, akinitazama kama anavyonitazama tangu mdogo, babu aliyesoma na maprofesa.

"Nilitia," nikasema. "Sikuwa nnajua kusoma. Kila ukurasa wa daftari lile nimeutia saini bila ya kuusoma, kwa kiburi. Hata pale nilipokwambia urekebishe, sikujua unarekebisha nini."

Hakucheka mtu. Zuwena aliniachia nguo.

Baadaye, kwenye kahawa, Profesa akanijia peke yake. Nikatoa daftari langu nikamsomea: shimo la saba, tanuu, mawe kiasi cha dafu, mabishi mengi. Nikamfasiria kwa Kiarabu. Akaitikia kwa kichwa kila neno.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa yule mzee, Rais. Ningeandika nini?"

"Ulichokiona."

"Kisha akafa, na mie nimeshaandika kitabu changu juu ya maneno yale. Na kila nikipata shaka, nnaufungua ukurasa ule nnaitazama saini yako. Nnasema, Rais anaujua udongo. Kama Rais amekubali, labda mie ndiye niliyeona vibaya."

Mnasikia? Miaka yote hiyo, uwongo wa mtu ulikuwa umelalia mto wangu. Yeye aliogopa mkubwa wake, mie niliogopa kuchekwa, na baina yetu wawili tumewazulia vita watu wasiopigana. Mchomaji maskini aliyepungukiwa na kuni, aliyekuwa akitafuta lipu ya nyumba yake, tumemfanya mchoma miji. Na wale watu wangu thelathini wamekufa wengi wao, na watoto wao wakienda kutazama mji ule wanasoma kwenye bango kwamba babu zao waliuchoma.

"Sasa andika," nikamwambia.

"Nitaandika nikirudi."

"Hapa. Nnakutazama."

Zuwena akaleta karatasi. Alikuwa hasemi na mie, lakini aliileta. Profesa akaandika mistari sita, mkono mzuri bado. Akanigeuzia nitie saini, kama zamani, mahali pale pale pa chini. Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti, neno neno, kama nilivyomsomea Mudir karatasi za ndoo. Mstari wa tatu alikuwa ameandika kwamba tabaka lile *huenda* lilikuwa tanuu.

"Futa huenda."

"Rais, siwezi. Wasomi hawaandiki hivyo. Tuliona robo tu."

"Tuliona robo kwa sababu mlininyima ukuta! Ulipoandika wavamizi, uliandika huenda?"

Akaifunga kalamu. Hakufuta. Nikaikunja karatasi yake nikaitia ndani ya daftari langu, haina saini, na haitaipata. Ipo humo mpaka leo.

Ndani ya gari Zuwena aliendesha mpaka tukafika taa za barabara kuu. Kisha akasema, "Babu, ulijifunza lini hasa?"

"Mama yako akiwa darasa la kwanza. Kwa kitabu chake."

"Kile cha paka, alichokiweka mpaka leo?"

"Kile cha paka."

Akacheka mpaka gari la nyuma likapiga honi. Usiku ule sikumwomba msamaha, wala yeye hakunidai. Lakini kila Ijumaa anakuja, mie nnamsomea daftari langu dogo ukurasa kwa ukurasa, yeye anayahamisha kwa herufi zenu na kuwapelekea wasomi wa mji ule. Ameshafika shimo la sita.

Nyinyi vijana mtakaosimama juu ya mashimo, yupo mtu chini yenu na karai. Hajui kuandika, na huenda ana kiburi kama changu. Muulizeni anaona nini, muandike alivyosema, kisha msomeeni kwa sauti, hata akijifanya anajua. Hasa akijifanya anajua. Mimi hasira zangu hazijaisha wala sitaki ziishe. Zikiisha, tanuu lile litakuwa limezimwa mara ya pili.

Haya niliyoyaandika hapa nimeyasoma yote, mara mbili, kwa sauti, mbele ya Zuwena. Alinionyesha pa kurekebisha, na safari hii nimejua nnarekebisha nini. Sasa natia saini.

Masoud, mtoto wa mchoma chokaa.